Robinson na Leonard: Nani Angeshinda?

Liko pambano moja la ngumi ambalo watu wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 40, wala halikupiganwa hata siku moja. Ni pambano la Sugar Ray Robinson na Sugar Ray Leonard, Wamarekani wawili, kila mmoja bingwa wa dunia wa uzito wa welta katika siku zake. Robinson alizaliwa tarehe 3 Mei 1921, na Leonard tarehe 17 Mei 1956. Leonard alipozaliwa, Robinson alikuwa na miaka 35 na jina lake limekwisha kuenea duniani. Robinson alipoacha ngumi mwaka 1965, Leonard alikuwa mtoto wa miaka 9. Basi wangekutana wapi?

Hata hivyo ubishi haukomi. Nyumbani kwangu umeingia pamoja na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 20 anayejifunza ngumi mjini. Kila ajapo kutuamkia huleta simu yake yenye filamu za mabondia wa zamani, na baada ya chakula cha jioni tunaanza. Yeye ni mtu wa Leonard, mimi ni mtu wa Robinson. Mama yake hukaa pembeni akichambua maharage, anatusikiliza, hasemi kitu.

Safari hii ya mwisho hatukubishana kwa kupitisha saa tu. Kijana alikuja na karatasi mfukoni. Mtu mmoja mwenye kuandaa mapambano alitaka kumpa pambano lake la kwanza la kulipwa, baada ya majuma mawili tu, dhidi ya bondia anayemzidi kilo 6. Fedha iliyoandikwa ilikuwa nyingi kuliko anayoipata baba yake kwa magunia yote ya mahindi ya mwaka mzima. Kijana aliomba ruhusa ya wazazi, na wazazi wakasema, “Mjomba wako aseme kwanza.” Ndiyo sababu naandika haya. Huenda katika nyumba yako pia yuko kijana mwenye karatasi mfukoni, hata kama si ya ngumi.

MASHARTI YA PAMBANO

Ukitaka kulinganisha mahindi ya watu wawili, huna budi kutumia debe lile lile. Kwa hiyo mimi na mpwa wangu tulianza na masharti. Uzito ni ratili 147, yaani karibu kilo 67, ndiyo mpaka wa welta. Raundi ni 15, maana wote wawili walitwaa ubingwa huo wakati pambano la ubingwa lilikuwa raundi 15. Tena kila mmoja aje katika ubora wake: Robinson wa mwaka 1947, Leonard wa mwaka 1981.

Kwa umbo walikaribiana sana. Robinson alikuwa na kimo cha futi 5 na inchi 11, Leonard futi 5 na inchi 10, lakini mikono ya Leonard ilikuwa mirefu zaidi kidogo. Hata majina yao yalifanana, nayo hawakuyapata kwa njia moja. Robinson aliitwa Walker Smith na wazazi wake. Jina la Ray Robinson lilikuwa la bondia mwingine, naye kijana Smith alilipata kwa kupanda ulingoni na kadi ya mwenzake. “Sugar” ni sukari, kwa vile alivyopigana kwa utamu. Leonard aliitwa na mama yake Ray Charles, kwa heshima ya mwimbaji, na hiyo sukari aliirithi kwa Robinson.

HOJA YANGU

Mimi nilianza kwa kumweleza mpwa wangu juu ya mwezi mmoja tu, Februari 1943. Tarehe 5 Robinson alipigana na Jake LaMotta katika mji wa Detroit, akashindwa kwa mara ya kwanza tangu aanze ngumi za kulipwa mwaka 1940. Tarehe 19 alipanda tena ulingoni New York na kumshinda Jackie Wilson. Tarehe 26 alirudi Detroit, akamkabili LaMotta yule yule, akamshinda. Mapambano matatu katika majuma matatu! Tangu hapo hakushindwa na mtu tena mpaka Julai 1951, Randy Turpin alipomshinda mjini London. Ni miaka 8 na zaidi.

Tena ubingwa wa welta hakuupata upesi, maana wakubwa wa mchezo walimzungusha. Alipoupata hatimaye, tarehe 20 Desemba 1946, kwa kumshinda Tommy Bell kwa pointi, alikuwa amekwisha kupigana mapambano zaidi ya 70 na kushindwa hilo moja tu. Ubingwa huo hakunyang'anywa na mtu ulingoni. Aliuacha mwenyewe mwaka 1951 alipopanda uzito na kumpokonya LaMotta ubingwa wa uzito wa kati. Maisha yake yote alipigana karibu mara 200, na mara moja tu alishindwa kumaliza pambano. Ilikuwa Juni 1952, alipojaribu kutwaa ubingwa wa uzito mkubwa zaidi kwa Joey Maxim. Joto la usiku ule lilikuwa kali hata mwamuzi mwenyewe alizidiwa ikabidi abadilishwe, na Robinson, aliyekuwa akiongoza kwa pointi, hakuweza kuinuka kwa raundi ya 14. Nikasema, “Unaona, mwanangu? Aliyemshinda ni jua, si Maxim.”

HOJA YA MPWA WANGU

Naye hakunyamaza. Alisema, “Mjomba, wewe unahesabu mapambano. Mimi nahesabu watu aliopigana nao.” Akaanza kunitajia. Leonard alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, katika uzito ulio chini kidogo ya welta. Hiyo ndiyo michezo ambayo nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Alipopata medali ile Leonard alikusudia kuacha ngumi na kwenda chuo kikuu. Lakini wazazi wake waliugua na fedha hazikuwapo, basi mwaka 1977 akaingia ngumi za kulipwa.

Tarehe 30 Novemba 1979 alitwaa ubingwa wa welta kwa Wilfred Benítez, mwamuzi akisimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 6 tu raundi ya 15 imalizike. Juni 1980 Roberto Durán wa Panama alimvuta katika mapigano ya karibu karibu, akampokonya. Leonard hakulia. Alikaa, akafikiri, na Novemba mwaka ule ule akaja na njia nyingine kabisa: akamzunguka Durán, akamchezea, akamkosesha shabaha, mpaka katika raundi ya 8 Durán akageuka na kukataa kuendelea.

“Na Hearns je?” aliuliza mpwa wangu. Hapo alinigusa, maana pambano lile la tarehe 16 Septemba 1981 hata mimi nalistahi. Thomas Hearns alikuwa mrefu, mwenye mkono wa kulia mzito. Hadi raundi ya 12 alikuwa mbele katika karatasi za waamuzi wote watatu, na jicho la kushoto la Leonard limevimba. Mwalimu wake, Angelo Dundee, akamwonya kwamba pambano linamponyoka. Leonard akatoka kama mtu mpya, akambana Hearns kwenye kamba katika raundi ya 13, na katika raundi ya 14 mwamuzi akasimamisha.

HUKUMU YETU

Huko Marekani waliwahi kujaribu kumaliza ubishi wa namna hii kwa mashine. Mwaka 1969 Muhammad Ali na Rocky Marciano, mabingwa wa uzito wa juu wa nyakati mbili mbalimbali, walipigwa filamu wakiigiza pambano, na kompyuta ikapewa kazi ya kuamua mwisho wake. Januari 1970 watazamaji wa Marekani walimwona Marciano akimwangusha Ali katika raundi ya 13. Marciano mwenyewe hakuwahi kuiona filamu hiyo. Alikufa katika ajali ya ndege Agosti 1969. Na ubishi uliendelea kama mwanzo. Basi ikiwa mashine haikuweza kuumaliza, sisi wawili tungeweza?

Hata hivyo nilitoa hukumu yangu. Naona raundi 5 za kwanza Leonard akiwa mbele, kwa kuwa miguu yake ni myepesi na mkono wake wa kushoto hauchoki. Kati ya raundi ya 6 na ya 10 Robinson anamsoma. Anaanza kumpiga mbavuni, kisha kichwani, tena huku akirudi nyuma, jambo ambalo mabondia wachache sana waliliweza. Hearns alimsumbua Leonard kwa urefu na uzito wa ngumi, lakini mwishoni nguvu zilimwishia. Robinson hakuwa mtu wa kuishiwa nguvu raundi za mwisho. Naona wote wawili wamesimama kengele ya mwisho inapolia, na Robinson anashinda kwa pointi chache. Mpwa wangu alikataa, akasema filamu za Robinson wa siku za welta ni chache mno, kwa hiyo mimi namsifu mtu nisiyemwona. Ni kweli kwamba nyingi zilizobaki ni za siku zake za uzito wa kati. Sikuwa na jibu la haraka.

NENO LA MAMA

Hapo ndipo dada yangu alipoinua uso. Akaniuliza, “Kaka, na huyo aliyeshindwa, nani alimrudisha kwao?”

Tulinyamaza. Katika pambano letu la raundi 15 tulikuwa tumepima mikono, miguu, pumzi na akili. Jambo hilo hatukuwa tumelipima, kwa sababu katika pambano la maneno hakuna anayeumia. Unaweza kulipigana kila jioni, na asubuhi mabondia wote wawili ni wazima. Pambano la kweli haliko hivyo. Nikawaeleza habari ambayo wapenzi wa Robinson hawapendi kuitaja mara nyingi.

Tarehe 24 Juni 1947, Robinson alitetea ubingwa wake mara ya kwanza katika mji wa Cleveland, dhidi ya kijana wa miaka 22 aliyeitwa Jimmy Doyle. Kama Robinson alivyosimulia mwenyewe baadaye, usiku wa kuamkia pambano aliota kwamba Doyle anakufa kwa ngumi zake. Asubuhi alisema hataki kupigana. Wenye kuandaa pambano wakahangaika, maana tikiti zimekwisha kuuzwa. Wakaletwa padre na mchungaji kumtuliza, naye akakubali. Katika raundi ya 8 ngumi ya mkono wa kushoto ilimwangusha Doyle, kichwa kikapiga sakafu ya ulingo. Alikufa kesho yake. Robinson aliposikia kwamba marehemu alikusudia kumnunulia mama yake nyumba kwa fedha za ngumi, alitoa mapato ya mapambano yaliyofuata kwa ajili ya mama huyo.

Sikumlaumu padre yule, wala Robinson. Sheria za mchezo zilifuatwa. Lakini Doyle alikuwa ameumizwa vibaya kichwani katika mji ule ule mwaka mmoja kabla, Machi 1946, na bado aliruhusiwa kupanda ulingoni. Watu wengi waliona fedha, mmoja akaona ndoto, na aliyeona ndoto akatulizwa.

Wala msidhani mambo haya ni ya Marekani peke yake. Robert Wangila wa Kenya alipata dhahabu ya uzito huu huu wa welta katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi. Wakenya walimshangilia, na wengi wetu majirani pia. Akaenda kupigana ngumi za kulipwa Marekani. Mwezi Julai 1994 alipigana huko Las Vegas, akaumia kichwani, na siku mbili baadaye akafa. Hakuwa ametimiza miaka 27.

Hata hizo raundi 15 tulizozitumia katika masharti yetu hazipo tena. Novemba 1982 Mkorea Duk Koo Kim aliangushwa katika raundi ya 14 ya pambano la ubingwa wa uzito mwepesi, akafa baada ya siku chache. Ndipo vyama vya ngumi vilipoanza, kimoja baada ya kingine, kupunguza raundi za ubingwa kuwa 12. Raundi 3 zile ziliondolewa kwa kifo cha mtoto wa watu.

MPINZANI WALIYEKUTANA NAYE WOTE

Usiku ule sikulala upesi. Nilifikiri kwamba Robinson na Leonard hawakupigana wao kwa wao, lakini yuko mpinzani mmoja aliyepigana nao wote wawili, naye aliwashinda wote wawili. Mpinzani huyo ni kutojua saa ya kuacha.

Robinson alipata mamilioni ya dola. Alikuwa na mkahawa na maduka Harlem, gari la rangi ya waridi, na kundi kubwa la watu wa kumfuata kila aendako. Fedha ikaisha, wafuasi wakaisha, yeye akabaki ulingoni. Aliendelea mpaka tarehe 10 Novemba 1965, akiwa na miaka 44, aliposhindwa kwa pointi na Joey Archer mjini Pittsburgh. Miaka yake ya mwisho alipatwa na ugonjwa wa kusahau, akafa tarehe 12 Aprili 1989. Bondia aliyekumbukwa na wote hakuweza kukumbuka.

Leonard alipewa onyo lililo wazi zaidi. Mwaka 1982 madaktari waligundua kwamba utando wa ndani wa jicho lake la kushoto umebanduka, wakamfanyia upasuaji, na Novemba mwaka huo akatangaza kuacha. Angeishia hapo, ingekuwa hadithi ya mtu mwenye hekima. Lakini alirudi mwaka 1984, akaacha, akarudi tena. Mwaka 1987 alimshinda Marvin Hagler kwa pointi, na watu wanabishana juu ya pambano hilo hata leo. Ushindi huo ulimvuta zaidi. Mwaka 1991 alipigwa na Terry Norris, kijana aliyemwangusha mara mbili. Mwaka ule ule alikiri hadharani kwamba siku za kukaa nje ya ulingo alitumia kokeini. Mwaka 1997, akiwa na miaka 40, alirudi tena, na Héctor Camacho akamshinda katika raundi ya 5.

Watu hawa hawakuwa wajinga. Walijua kusoma mkono wa adui kabla haujarushwa. Lakini ulingoni kengele hulia kila baada ya dakika 3, na katika maisha hakuna anayekupigia kengele usipokuwa na watu wako wa kukuambia, nawe ukubali kuwasikia.

JIBU NILILOMPA

Asubuhi nilimwita mpwa wangu chini ya mwembe, mama yake na baba yake wakiwapo. Nilimkumbusha kwamba siku Robinson aliposhindwa mara ya kwanza, LaMotta alimzidi ratili 16, yaani kilo 7 na kidogo, hata akamtupa nje ya kamba katika raundi ya 8. Kama Robinson katika nguvu zake alipata taabu kwa kilo 7, yeye ambaye hajapigana hata pambano moja la kulipwa atafanya nini kwa kilo 6? Tena katika karatasi ile daktari hakutajwa popote. Basi pambano hilo tulilikataa, na karatasi ilirudishwa kwa mwenyewe bila kutiwa sahihi.

Hakufurahi. Alisema, “Mjomba, wewe unapenda ngumi za watu waliokufa.” Nilimjibu kwamba sikumkataza ngumi. Mchezo huu una nidhamu. Umemwondoa kijana huyu katika pombe na vijiwe, nasi tumeona kwa macho. Nikampa masharti matatu. La kwanza, aendelee na ngumi za ridhaa katika uzito wake mwenyewe, na asipande ulingoni pasipo daktari. La pili, amalize mafunzo ya useremala aliyoyaanza, ili siku moja fedha ya ngumi isiwe fedha pekee anayoijua. La tatu, atutajie sasa, angali mzima na mwenye akili timamu, umri ambao ataacha, nasi sote tuliopo tuwe mashahidi.

Nikamwambia pia jambo ambalo si wengi wanalijua. Mwaka 1969 Robinson alianzisha huko Los Angeles shirika la kusaidia watoto na vijana wa mitaa maskini. Walifundishwa michezo na sanaa za namna namna, lakini ngumi hazikuwamo. Mtu aliyejua ngumi kuliko wote hakuziweka katika mambo ya kuwapa watoto wa wenzake. Kijana alinitazama kwa muda, akauliza, “Kweli, Mjomba?” Nikasema kweli.

Wazazi wenzangu, vijana wetu wataendelea kuleta karatasi: za ngumi, za mpira, za kazi za mbali, za biashara ya haraka. Tusizichane kwa hasira, wala tusizitie sahihi kwa sababu ya tarakimu zilizoandikwa chini. Tuzisome pamoja nao, tuulize uzito wa mpinzani, tuulize daktari yuko wapi, tuulize mtoto atarudishwa na nani akishindwa. Na tuwasikilize akina mama, hata wale wanaochambua maharage bila kusema neno.

Mpwa wangu amerudi mjini. Sharti la kwanza na la pili amekubali, na meza yake ya kwanza, iliyopinda kidogo mguu mmoja, iko nyumbani kwa mama yake. La tatu anasema atalijibu baada ya mavuno.